Miaka 25 tangu tutoke Mlimani: habari za kazi, watoto, na hii pensheni

Kutoka: Katibu, Dar es Salaam
Juni 2025

Wapendwa,

Mwaka huu tunatimiza miaka 25 tangu tuvae majoho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo humu ambao mara ya mwisho kuandika ilikuwa msiba, na rambirambi si habari. Kila mtu atupe mistari michache: uko wapi, kazi gani, watoto wanaendeleaje, wazazi je. Msituletee wasifu wa kuombea kazi.

Naanza mimi. Bado niko kwenye maji, nilikuwa mhandisi wa wilaya sasa wa mkoa. Nywele zimekwenda zote. Mkubwa yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu Ardhi, wa mwisho darasa la tano. Mama alitutoka mwaka juzi, wengi wenu mlichangia, asanteni. Ni hayo.


Kutoka: Kaka wa Columbus, Ohio

Shikamoo babu Katibu. Picha ya kikao tumeiona, usingetuambia habari za nywele tungejua tu.

Mimi nipo. Lori nimeliacha mwaka jana, mgongo ulikataa. Sasa nasomea ufundi wa eksirei na vijana wa miaka 20, wananiita mzee. Ndoa ilivunjika 2019, mnajua, na tunaelewana kwa ajili ya watoto. Binti anaanza chuo Agosti. Kiswahili anaelewa akigombezwa.


Kutoka: Mama Pacha, Leicester

Jamani, hodi. Hii itakuwa ndefu, mwenye haraka aruke.

Ya familia kwanza: pacha wamefika 14, wananizidi urefu wote wawili. Baba yao yuleyule, bado anadai kwamba atarudi Muheza kufuga. Mimi nilimaliza uuguzi nikiwa na miaka 41, niko wodi ya wazee, zamu ya usiku mara tatu kwa wiki. Shahada yetu ya pale Mlimani iko kwenye fremu, sebuleni, juu ya televisheni, na wageni huwa wanauliza ni ya nani.

Sasa lililonikosesha usingizi. Mwezi wa tano nikiwa zamu, nesi mwenzangu Mghana akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamjibu 49. Akasema hapana, ya bima ya taifa, ile michango ya pensheni. Sikuwa na jibu. Alfajiri nikaingia kwenye tovuti ya serikali ya hapa Uingereza kuangalia rekodi yangu ya michango, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nifike 2004.

Nina miaka 15. Pensheni kamili ya serikali inadai 35, na chini ya 10 hupati hata senti. Kwa sisi tuliozaliwa 1976 umri wa kuichukua ni 67, kwa hiyo nimebakiwa na miaka 18 ya kuchangia. 15 na 18 ni 33. Nimepungukiwa miwili.

Na miwili hiyo najua iliko. Ukishuka chini kwenye ile orodha, kuanzia 2004 mpaka 2010, kila mstari umeandikwa kwamba mwaka haujakamilika. Ni miaka ile ya kubeba boksi, ya vibarua. Bahasha mkononi Ijumaa, na tulivyokuwa tukishangilia kwamba hakuna makato! Miezi mingine nilifanya kazi kwa njia ambazo sisi wa wakati ule tunazijua, na michango hiyo iko kwenye rekodi ya mtu mwingine. Mungu ambariki, astaafu nayo salama.

Linaloniuma ni hili. Kulikuwa na dirisha maalum la kununua mapengo, yaani kulipia miaka isiyokamilika, kuanzia mwaka 2006. Lilifungwa tarehe 5 Aprili mwaka huu. Mimi nimefungua ukurasa Mei. Redioni walitangaza, kwenye magazeti waliandika, nami nilikuwa nikisikia neno pensheni nabadilisha stesheni kwa sababu nilijua hayo ni mambo ya wazee.

Sasa sheria imerudi kwenye kawaida yake: unaweza kununua mapengo ya miaka 6 iliyopita tu. Kwa hiyo wewe mwenye pengo la karibuni, uliyekwenda kuuguza mzazi nyumbani mwaka mzima au uliyekaa bila kazi, usilale. Kiwango cha mwaka huu wa kodi, 2025/26, ni pauni 17.75 kwa wiki, yaani kama 923 kwa mwaka mzima. Pensheni kamili kwa mwaka huohuo ni pauni 230.25 kwa wiki. Igawe kwa 35, mwaka mmoja unaongeza karibu pauni 6.58 kila wiki, kama 342 kwa mwaka. Ukiishi miaka mitatu baada ya kustaafu hela yako imerudi. Ila piga simu kwanza uwaulize, kwa sababu kuna watu watatimiza 35 kwa kazi tu na wakinunua wamechoma pesa bure.

Na akina mama: miaka minne niliyokaa na pacha bila kazi yote imehesabiwa, sikuamini macho yangu. Ukiwa unadai posho ya watoto kwa jina lako na mtoto hajafika 12, mwaka unaingia kama umechangia. Wenye posho iliyoandikwa jina la baba aliyekuwa kazini, mwaka huo wa ziada yeye haumsaidii kitu. Kuna fomu ya kuuhamishia kwako. Jaza.

Halafu hili la baba pacha na Muheza yake. Ukistaafu ukahamia Tanzania pensheni wanakulipa, lakini haipandi. Hapa inapanda kila Aprili. Aliyehamia Mauritius anapandishiwa, Jamaica anapandishiwa, kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Tanzania haimo. Kiwango utakachoanza nacho ndicho utakachozikwa nacho. Nimemwambia mwenzangu, amenyamaza siku mbili, jana ameuliza Mauritius wanafuga nini.


Kutoka: Kaka wa Columbus, Ohio

Shemeji wa Leicester, umenifanya nami nikaangalie yangu.

Huku Marekani ni pointi. Unatakiwa 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, kwa hiyo ni miaka 10 ya kazi. Mwaka huu wa 2025 pointi moja ni dola 1,810, ukifikisha 7,240 umemaliza zako nne. Pointi ninazo. Kilichonishtua ni kiwango. Wanachukua miaka 35 uliyoingiza zaidi, wanatafuta wastani, na mwaka ambao hukuwa na kitu unaingia kama sifuri. Mimi nimefika 2001, kwa hiyo nikiacha kazi leo sifuri zipo tu.

Lakini wenye malori na teksi, sikilizeni. Miaka 11 nilikuwa na lori langu, na nilikuwa na mhasibu ambaye mji mzima tulimsifu. Mafuta, matairi, simu, chakula, kila kitu gharama. Mwisho wa mwaka faida kwenye makaratasi ilikuwa ya mtoto wa shule. Kodi ndogo, tunacheka. Sasa kumbe ile faida ndogo ndiyo mshahara wangu mbele ya serikali. Barabarani niliingiza vizuri, kwenye rekodi nilikuwa maskini miaka 11. Hakuna wa kumlaumu, sahihi ni yangu.

Kwa wanaopanga kurudi: ukiwa raia wa hapa utalipwa hata ukiwa Tukuyu, mwenye kadi ya ukaazi tu ana masharti yake akikaa nje zaidi ya miezi 6. Ile bima ya matibabu ya wazee ya kuanzia miaka 65 haivuki bahari, ukiugua Tukuyu ni juu yako.


Kutoka: Mwalimu wa Muscat

Salaam aleikum. Mimi mgeni kazini sina pensheni, nina kiinua mgongo siku nikiondoka, basi. Mke hajambo, watoto watatu, wa kwanza ameolewa Unguja mwezi uliopita. Nimejenga. Ndiyo pensheni yangu hiyo, ina vyumba sita na mpangaji mmoja asiyelipa.


Kutoka: Katibu, Dar es Salaam

Mnalia nyie! Sisi watumishi tuna kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao. Tulizoea kupewa asilimia 50 kwa mkupuo, 2022 ikawa 33, wakapiga kelele watu mpaka 2024 tukapandishiwa 40. Nimebakiwa na miaka 10 kufika 60, kitakokotolewa mara ngapi hapo katikati sijui.

Ila niwakumbushe wale wawili watatu (mnajijua) mliowahi kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kabla hamjaondoka. Pensheni ya uzee inataka miezi 180. Mwenye miezi 30 asijihesabie. Na mliochukua pasi za huko mkiwa na viwanja Bunju kwa majina yenu, asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi hapa ila kwa uwekezaji, ni sheria ya tangu 1999. Habari ya hadhi maalum, ile ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, tuifungulie uzi wake, hapa tutakesha.

Mama Pacha, mama yako nilimpeleka kliniki Jumanne, presha imeshuka. Ameuliza mbona hupigi.


Kutoka: Mama Pacha, Leicester

Nilikuwa nahesabu miaka. Nampigia sasa hivi. Asante kaka.


Kutoka: Dada wa Toronto

Nimesoma yote kimya siku tatu.

Habari zangu: nilifika 2009, nikabeba boksi kama wenzangu, sasa nasimamia stoo ya dawa hospitalini. Sikuolewa tena. Kijana wangu anamaliza chuo 2027, na mwaka huohuo nilishapanga kurudi moja kwa moja. Mama yuko peke yake Korogwe. Tiketi sijakata, lakini masufuria nimeshaanza kuyagawa.

Baada ya barua ya Mama Pacha nikaenda kuuliza. Ile niliyochangia kazini nitalipwa popote. Ya uzee ya serikali, ambayo haitegemei kazi ila miaka uliyoishi hapa, ni habari nyingine. Ukiwa ndani ya Kanada miaka 10 inatosha kupata sehemu, na 40 kupata yote. Lakini ukitaka uipokee ukiwa nje ya nchi, sharti uwe umeishi hapa miaka 20 tangu utimize 18. Mimi 2027 nitakuwa na 18. Nikiondoka mwaka ule, nikifika 65 nikiwa Korogwe, sipati kitu humo. Miaka miwili tu.

Jana nimempigia mama. Nimemwambia si 2027 tena, ni 2029. Akaniuliza, 2029 kuna nini?

Nikamwambia nitampigia baadaye.