Mjadala: Wanawake hatufanyi mazoezi kwa uvivu, au kuna kinachotuzuia?

Wadau habari zenu. Kwenye grupu letu la mtaa jamaa kaandika eti wanawake wa siku hizi wavivu, chipsi na tamthilia tu ndo maana presha haziishi, na watu kibao wakamuunga mkono wakiwemo wanawake wenzangu. Mi nakataa.

Angalieni muda kwanza. Hapa Dar wengi wanakimbia saa 11 alfajiri kabla jua halijawaka na magari hayajajaa. Hiyo saa 11 mama yuko wapi? Anachemsha maji, anapasha kiporo, anavalisha watoto maana gari la shule likifika linapiga honi na halisubiri mtu, na yeye mwenyewe awahi daladala. Baba katoka na raba zake, akirudi na jasho lake anakuta maji ya kuoga yako bafuni na chai iko mezani. Jioni ndo usiseme kabisa.

Haya, tuseme kapata upenyo. Kavaa trakisuti na tisheti ndefu, juu kajifunga khanga mpaka avuke kijiwe cha bodaboda, na bado atasikia "mama taratibu, mzigo utadondoka", mwingine anapunguza mwendo wa pikipiki kabisa amfuate nyuma. Akifika nyumbani mume anamuuliza anampendezea nani. Wiki ya pili raba ziko uvunguni. Jimu nazo ada yake kwa wengi wetu ni hela ya mboga ya siku kadhaa, na ukumbi ni mchanganyiko, wa hijabu hawezi kuwa huru.

Najua mtasema kazi za nyumbani zinatosha. Kwa mama anayelima na kuchota maji sibishi, hata WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanazihesabu kazi hizo. Ila fundi cherehani, muuza duka, karani, hawa wanakaa kutwa nzima, watazipata wapi zile dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki ambazo WHO wanashauri? Na takwimu za WHO za 2022 kwa dunia nzima, wasiofikia kiwango hicho wanawake ni asilimia 34, wanaume 29. Uvivu gani huo unaochagua jinsia?

Desemba 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Nililipenda sana lile wazo, lakini jamani Jumamosi ndo siku ya kufua.

Mi naona viwanja vya mitaa viwekewe taa na itengwe saa ya kina mama peke yao jioni. Kuna watakaosema huo ni ubaguzi, waje na hoja niko tayari kubishana nao. Ila kina baba mnijibu hili kwanza: nani humu anaweza kubaki na watoto na jiko asubuhi mbili tu kwa wiki ili mkewe atoke, na kama haiwezekani, kinachoshindikana ni nini hasa?