Ushauri: Fildi ya jotoardhi wiki ijayo. Naweza kubaki kwenye basi vituo viwili tu?

Kokoto Ndogo (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu, nasoma jiolojia, chuo sitakitaja. Wiki ijayo tunaondoka kwenda fildi upande wa Mbeya: Ngozi, Songwe, Kyejo, yale maeneo ya jotoardhi. Safari ina alama zake, usipokwenda unarudia somo mwakani na wadogo zako.

Kwenda nataka. Shida yangu ni vituo viwili, vile vya kwenye visima vya mvuke. Waliotutangulia wanasema kisima kikifunguliwa unaziba masikio kwa mikono miwili, na mvuke ukitanda barabarani humwoni mwenzako aliye mbele. Harufu ndiyo usiseme. Sasa nauliza, mtu anaweza kubaki kwenye basi vituo viwili tu, halafu akachukua data kwa mwenzake wa kundi bila mhadhiri kushtuka? Aliyewahi kufanya hivyo aniambie alijieleza vipi. Sababu ni binafsi, naomba tusiingie huko.

Mtoto wa Uyole
Karibu nyumbani mdogo wangu! Ngozi usiikose hata kwa dawa. Mnashukia Isongole, mnaingia msituni, njia inapanda na utelezi juu, mmechoka mnataka kugeuza, ghafla mnatokea ukingoni na ziwa mnaliona kule chini kabisa, kijani, kimya. Wazee wanasema Mjerumani alificha mali yake humo, kwa hiyo msianze kupiga mbizi. Beba sweta na koti la mvua, mvua ya Tukuyu haijui kalenda. Mkitoka huko mwambieni dereva asimame Kiwira mnunue ndizi, na Daraja la Mungu msilipite, lile jiwe ni lava kabisa, mto umelitoboa kwa chini.

Swali lako sina jibu, mimi nilisomea ualimu.

Mzee wa Lori
Vijana wa siku hizi mnataka digrii iwafuate kitandani. Sisi tulipelekwa Oldoinyo Lengai, na hakuna aliyeomba kubaki kwenye basi kwa sababu basi halikuwepo. Tulikwenda na lori, tumekaa juu ya magunia ya unga. Mlima tulianza kuupanda usiku ili jua lisitukute njiani. Na ule mlima hauna mfano duniani: lava yake haifiki hata nyuzi 600, inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipigwa na unyevu kwa siku chache inageuka nyeupe. Tuliiona kwa macho yetu. Leo mtoto anataka aione kwenye simu ya mwenzake.

Nenda fildi, kijana.

Kokoto Ndogo
Shikamoo mzee. Siyo uvivu. Vituo vyote vingine nitashuka, nyundo ninayo, dira ninayo, ripoti nitaandika mwenyewe. Ni viwili tu jamani. Mbona nimeuliza kitu kidogo?

Kiti cha Mbele
Kuna demu kwenye lile kundi lingine, umekosana naye. Sema tu tukusaidie.

Sista Wodini
Mdogo wangu, mtu akikimbia mvuke na harufu tu, vingine vyote hana shida navyo, mimi nafikiria kifua. Una tatizo la kiafya?

Kokoto Ndogo
Tuseme kifua huwa kinanibana kidogo. Siyo kila siku.

Sista Wodini
"Tuseme" ndiyo nini? Una pumu au huna?

Kokoto Ndogo
Ninayo.

Lakini kabla hamjanivamia nisikilizeni. Siyo ile kali. Nililazwa mara moja tu muhula uliopita, tena ilikuwa ni vumbi la hosteli, walikuwa wanakwangua rangi. Fomu ya afya ya safari nimeshaijaza na kusaini, pale penye "tatizo lolote la kupumua" nimeweka HAPANA. Nina sababu. Kuna dada wa mwaka uliotangulia aliandika kwamba ana presha, wakambakiza chuoni, akapewa ripoti ya kuandikia maktaba, na alama alizopata hazikumfurahisha mtu. Mimi nategemea hili somo kupandisha GPA. Halafu hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo imeshaingia na imeshatumika, nikibakizwa wakadai nirudishe naitoa wapi?

Na nimejipanga. Mwenzangu wa chumba naye ana pumu, amenipa pampu yake moja ya bluu. Mshikaji wa kundi langu anajua, atanichukulia vipimo. Kwa hiyo kilichobaki ni namna ya kujieleza tu.

Sista Wodini
Kilichobaki siyo kujieleza. Hiyo pampu ya kupewa, itoe kile kichupa cha chuma, pembeni kuna tarehe, niambie imeandikwa lini. Na wewe ya kwako iko wapi mpaka uazime? Tena umelazwa muhula uliopita, walikuandikia ile dawa nyingine ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni, sindiyo? Unaivuta, au uliiacha ulipopata nafuu kama mnavyofanya wote?

Kokoto Ndogo
Tarehe imefutika. Ile nyingine iliisha.

Kivu Mashariki
Mimi niko Goma. Huku kwetu tuna mazuku. Ni gesi ya kaboni, ile kaboni dioksaidi, inatoka chini ya udongo, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo. Haina rangi, haina harufu. Usiku upepo ukitulia inajikusanya, asubuhi unakuta mbuzi amekufa na hana jeraha. Mtu mzima anaweza kuvuka bondeni akiwa amesimama asijue kitu, kichwa chake kiko juu ya gesi, lakini mtoto wake anayemfuata nyuma anaanguka. Jirani yetu alimpoteza mbwa, akashuka kumwokota. Walimvuta kwa kamba, alipona.

Nakuambia hivi kwa sababu ya hiyo Kyejo unayoitaja. Gesi ya namna hiyo haiulizi nani ana pumu nani hana. Mkifika, msikae chini kwenye shimo hata kama mmechoka. Nyiragongo ilipotema moto Mei 2021 tulikimbia lava, lakini mazuku tunaishi nayo siku zote.

Kiti cha Mbele
Hela ya fildi "imeshatumika". Mkeka ulichanika dakika ya ngapi mkuu?

Kokoto Ndogo
Nilimlipia mdogo wangu sare na michango ya shule. Kejeli nyingine siyo za lazima.

Nyundo Mbili
Nimesoma uzi toka juu. Mimi hiyo kazi ndiyo inayonilisha, na Rungwe nimeitembea kwa miguu. Kuna kitu hakijakaa sawa.

Ngozi juu ya ardhi hakuna matundu ya mvuke. Ni msitu, baridi na ziwa. Joto liko chini, ndiyo maana TGDC, ile kampuni ya serikali ya jotoardhi, wanapahangaikia. Songwe ni chemchemi, maji yanabubujika kwenye mawe ya travatini, yale ya chokaa inayoachwa na maji yenyewe, na joto lake linafika nyuzi 80 na ushee, lakini unayatazama umesimama kwenye majani, hakuna anayeziba masikio. Kyejo ndugu yetu wa Goma kasema vizuri, gesi ni ya kaboni na ni baridi, kuna kiwanda Rungwe kinaivuna wanauziwa watu wa soda. Haina harufu!

Sasa mleta mada anatuambia visima vinafunguliwa, barabara inajaa mvuke, harufu usiseme. Mbeya ipi hiyo? Nchi yetu nzima haina kituo hata kimoja kinachozalisha umeme wa jotoardhi, bado tuko kwenye kuchoronga na kupima. Ulichoeleza ni Olkaria ya Kenya, kule Naivasha kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi, kitu kwa kitu. Ama hujui unakokwenda, ama unatupikia chai.

Dada Mkavu
Nilijua mimi! Nileteeni kikombe.

Kiti cha Mbele
Sukari ninayo. Na vitumbua vinakuja.

Mtoto wa Uyole
Ina maana nimemwelekeza mtu mpaka pa kununua ndizi, kumbe hana hata tiketi?

Kokoto Ndogo
Siyo chai. Nilibadilisha eneo makusudi. Darasa letu ni dogo na najua kuna wenzangu humu, ningetaja Naivasha tu nimekwisha. Safari ni ya Olkaria, tunapitia Namanga, watu wameshahangaikia hati za kusafiria. Majina ya Mbeya niliyatoa kwenye notisi za darasani. Hayo mengine yote ni kweli.

Dada Mkavu
Na pumu nayo ulibadilisha au ndiyo yenyewe? Tusije tukashauri mapafu mpaka asubuhi kumbe ni goti.

Mzee wa Lori
Mtu anayedanganya fomu na jukwaa kwa siku moja, huyo mhadhiri ana kazi.

Kokoto Ndogo
Mzee wangu, kuficha chuo ni kujilinda. Sikuja hapa kumtapeli mtu, sijaomba hata mia.

Nyundo Mbili
Mimi chai naiondoa, maelezo yake ya Olkaria yamenyooka mno kwa mtu wa kubuni. Ila ujue ulivyotupotezea muda. Mbeya ningekuambia kinachoweza kukuamsha pumu ni mwinuko wa Ngozi na baridi yake, gesi ni hatari ya wote. Olkaria ni habari nyingine, mvuke unatoka na salfidi ya hidrojeni, hiyo ndiyo harufu ya mayai viza, na njia ya hewa ya mwenye pumu haiipendi hata ikiwa kidogo. Tena ikizidi sana pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, unadhani imeisha.

Mwana wa Longonot
Hamjambo ndugu zetu. Mimi nimelelewa Naivasha na nimefanya vibarua huko kwa mabomba, kuyafunika yale mabati ya kung'aa. Nimesoma nikaona nisipite.

Kijana, hakuna siri utaweka pale. Tulikuwa tukifika getini tunapewa kofia, na mtu wa usalama anauliza waziwazi nani ana shida ya kupumua. Kuna vifaa vya kupima gesi, mtu wa kazi anatembea nacho kifuani, kikilia mnaondoka wote. Ukimwambia huyo mtu wa usalama ukweli atakusimamisha upande upepo unakotokea, na kisima utakiona vizuri tu. Kujificha kwa basi si dawa pia. Mara nyingine dereva huegesha mahali mvuke unaelekea, wewe ukiwa ndani ndio unakula yote.

Jambo lingine ambalo hamjaligusa. Kama ratiba yenu ina bonde la Njorowa, muangalie mawingu, hata ya mbali. Mwaka wa 2012 vijana wa kanisa walisombwa na maji mle ndani, na 2019 ikatokea tena, watalii na mwongozaji wao. Kuta zimesimama pande zote, maji yakija huna pa kupanda. Nyinyi watu wa mawe mtataka kukaa huko kwa sababu ni pazuri, kuna maji moto yanatiririka kwa ukuta, na mawe meusi ya kioo. Ukikohoa mle ndani huwezi kukimbia.

Mtoto wa Uyole
Wenzetu mko mbali kweli. Sisi kila mwaka tunaambiwa jotoardhi iko njiani.

Mwana wa Longonot
Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa 1981, megawati 15, na Afrika yote haikuwa na mwingine hivyo. Leo Olkaria inapita megawati 700. Lakini stima bado inapotea kwetu, msitusifu sana.

Kiti cha Mbele
Megawati 700 na umeme unakatika? Hapo tuko sare, tukutane uwanjani.

Nyundo Mbili
Usimcheke, sisi tuna bonde hilohilo la ufa na bado tunachoronga vya utafiti. Hela ya kisima kimoja ukiitaja hapa watu watazimia, na unaweza kukipiga kirefu ukakuta joto lipo maji hakuna.

Sista Wodini
Waheshimiwa, megawati baadaye. Kokoto, nisikilize. Ile HAPANA uliyoandika, ukianguka kule Olkaria watu wote watafikiri ni gesi. Watakuondoa, watakupa hewa, watatafuta sumu, huku wewe kinachokuua ni kifua kimefunga na unahitaji dawa ya kukifungua hapohapo. Hakuna atakayejua, kwa sababu uliandika huna. Kundi zima la wenzako nalo litasimamishwa wakidhani kisima kinavuja.

Nenda zahanati ya chuo kesho. Waambie ulilazwa, dawa ya kila siku iliisha. Uanze kuivuta kesho hiyohiyo, siyo asubuhi ya safari, ile haifanyi kazi kwa saa moja. Upate pampu yako yenye tarehe inayosomeka. Na uombe barua iseme unafaa kwenda ukiwa na dawa. Barua ya daktari inayosema ANAFAA ni kitu tofauti kabisa na yule dada wa presha, yeye nadhani alikwenda mikono mitupu.

Kokoto Ndogo
Nimekuelewa dada. Lakini wakiniandikia hafai? Hapo nitakuwa nimejichoma mwenyewe. Si bora niende na pampu mpya, fomu ibaki ilivyo, nikifika nimwambie huyo mtu wa usalama pembeni?

Dada Mkavu
Huyu ameshaamua tangu jana. Alikuja kutafuta wa kumpigia makofi.

Kokoto Ndogo
Sijaamua. Zahanati nitakwenda, hilo limeisha. Nafikiria hiyo fomu tu, maana ukifuta HAPANA ukaandika NDIYO inaonekana.

Nyundo Mbili
Omba fomu mpya, wasimamizi wa fildi huwa wanazo za ziada, wanafunzi wanazimwagia chai kila mwaka. Chai ya kweli, namaanisha. Na kuhusu data: kwenye kisima mwanafunzi hapimi kitu cha maana, namba za joto na mgandamizo mtapewa na wenyeji. Alama zako ziko kwenye ramani, na kwenye michoro ya miamba mtakayoipita kabla ya hapo. Obsidiani, yale mawe meusi ya kioo, utaiokota njiani ukiwa unapumua vizuri.

Kokoto Ndogo
Asante mkuu, hilo sikulijua. Swali la mwisho kwa watu wa Kenya: Namanga wakinikuta na pampu na vidonge kwenye begi hawasumbui?

Mwana wa Longonot
Dawa zako zenye jina lako hawazishughulikii. Watakachokuuliza ni kadi ya njano, hasa mkirudi upande wenu. Unayo?

Kokoto Ndogo
Kadi ya njano ndiyo ipi tena?