Naomba ushauri: gari ya kukodi Dar mpaka Mbeya, Toyota IST inatosha?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Mbeya na bi mkubwa na watoto wawili, nataka nikodi gari niendeshe mwenyewe. Juzi nimejaribu IST ya cc 1300 ya jamaa mmoja, mjini inateleza vizuri na hainywi mafuta, ila nikikanyaga breki kwenye spidi usukani unatetemeka na AC ikiwaka gari inakuwa nzito kabisa, hapo nikaanza kuwaza ule mlima mkali wa Kitonga njiani na mizigo. Yeye anasema ni kawaida. RAV4 anayo ila bei imechangamka na wese pia. Mliopanda Kitonga na IST ya kukodi imejaa watu, kiukweli inahimili? Na huo mtetemo ni disk za mbele zimepinda au nikague kingine kabla sijalipa?