Barua pepe ziingie zenyewe kwenye kanzidata, wahudumu 6 wagawane

mpokezi_6
Wakuu, anwani ya huduma ni moja, wahudumu 6, nywila moja. Mteja huyu anajibiwa mara mbili, yule hajibiwi kabisa. Kuna skripti inayosoma kisanduku kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua pepe zilizo kwenye seva) kila dakika na kuingiza kwenye kanzidata ya MySQL, ila barua ya mwisho hujirudia, na zenye emoji zinakataliwa. Kosa liko wapi?

fundi_seva
Kujirudia: bila shaka unaomba kwa UID (namba ya kila barua ndani ya folda), mfano `501:*`, yaani kuanzia 501 hadi mwisho. Nyota humaanisha UID kubwa iliyopo, kwa hiyo kama barua ya mwisho ni 500, seva inakurudishia hiyo 500 kila mzunguko. Tupa yoyote isiyozidi UID uliyohifadhi.

Hifadhi na UIDVALIDITY ya folda, namba inayoonyesha kama UID za folda hiyo bado ni halali. Ikibadilika, UID zote za zamani zimekufa, unasoma folda upya. Ndiyo maana Message-ID (kitambulisho kilichomo ndani ya barua yenyewe) iwekewe UNIQUE kwenye jedwali, ili barua moja isiingie mara mbili. Barua isiyo nayo ikokotolee SHA-256 ya ujumbe mzima, yaani alama inayotokana na maudhui yake. Usitumie alama ya "imesomwa" kutambua barua mpya, maana mtu yeyote akifungua kisanduku kwenye simu inabadilika. Skripti nayo isome kwa `BODY.PEEK[]` isiiguse alama hiyo.

Emoji: `utf8` ya MySQL huishia baiti 3 kwa herufi, emoji inataka 4. Badili jedwali kuwa `utf8mb4`, na muunganisho wa skripti na kanzidata pia. Wengi hubadili jedwali tu kisha wanashangaa hali ni ileile.

jedwali_moja
Kugawana ndiko kugumu zaidi. Usisome kwanza kama barua iko huru halafu ndipo uandike. Katikati hapo mwenzako anaingia. Fanya kwa amri moja (NULL ni nafasi tupu, yaani haijachukuliwa):

`UPDATE barua SET mhudumu=4 WHERE id=812 AND mhudumu IS NULL`

Mistari iliyobadilika ikiwa 0, imeshachukuliwa. Weka na saa ya kuchukuliwa, ili isiyojibiwa baada ya dakika 30, tuseme, irudi kwenye foleni.

Jibu la mteja liunganishe na shauri lake kwa In-Reply-To na References, sehemu za barua zinazotaja Message-ID za barua zinazojibiwa. Kichwa cha barua hakitoshi, watu hukibadilisha.

Na tafadhali, kama utatuma "tumepokea barua yako", usiitume kwa barua yenye Return-Path (anwani ya kurudishia barua) tupu au Auto-Submitted (alama ya barua iliyotumwa na mashine) isiyo `no`. Mashine mbili zikianza kujibizana, kisanduku kinafurika usiku mmoja.

mpokezi_6
Nimeelewa, asanteni sana. Viambatisho navyo viingie kwenye jedwali?

fundi_seva
Hapana, viweke kwenye diski. Jina la faili liwe SHA-256 yake, kamwe si jina alilotuma mteja. Jina alilotuma mteja, hiyo SHA-256, aina na ukubwa ndivyo viingie kwenye jedwali. Ujumbe ghafi uhifadhi mzima kama faili la `.eml`, yaani barua kama ilivyofika. Siku utakapogundua skripti ilikosea kusoma usimbaji wa herufi, utauchambua upya hata kama kisanduku kimeshafutwa.