Naomba ushauri: baada ya X-Ray Spex nisikilize nani?

Wakuu, habari zenu. Kuna wimbo umeniteka kabisa: "Oh Bondage Up Yours!" wa X-Ray Spex, bendi ya panki (roki ya kasi na ukali) ya London, 1977. Anayeimba ni Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali na mama Mwingereza. Sauti yake inapasua juu ya gitaa, kisha saksafoni ya Lora Logic inaingia kwa fujo, na fujo hiyo ndiyo utamu wenyewe!

Albamu yao ya 1978, Germfree Adolescents, nairudia kila siku. Anavyoimba kuhusu plastiki na tamaa ya kununua vitu, utadhani anaisema leo.

Sasa nisaidieni: nianze na The Slits au Bikini Kill, bendi nyingine za panki zenye waimbaji wanawake? Na saksafoni ya namna hii nitaipata kwa nani mwingine? Tafadhali tajeni wimbo na kwa nini mnaupenda.