Shelisheli, Morisi au Maldivi: wapi makaratasi ni machache?

bint_nyali
Hamjambo wanajukwaa. Likizo ya Desemba tunataka kutoka, kisiwa chochote chenye mchanga mweupe ambacho si Zanzibar (tumeshaizoea mno, Wazanzibari mnisamehe). Nimebaki na vitatu: Shelisheli, Morisi na Maldivi. Bei nimeshazipigia hesabu, hazipishani sana. Kinachoniumiza kichwa ni makaratasi. Wapi hawasumbui? Ofa ya tiketi inaisha Ijumaa.

Baba Swaumu
Morisi. Mkenya haingii na viza, Mtanzania haingii na viza, fomu yao ya mtandaoni ni bure. Kata tiketi ulale.

kaunta_saba
Baba Swaumu umejibu kabla hujajua anayeuliza ni nani. Bint, pasipoti ni za nchi gani? Mnaondokea wapi, na ndege inapitia wapi? Kuna watoto? Pasipoti zinaisha lini? Kadi za homa ya manjano mnazo? Bila hayo tutabishana hadi Ijumaa ipite.

bint_nyali
Samahani. Mimi Mkenya, mume wangu Mtanzania, tunaishi Mombasa. Watoto wawili, mmoja miaka 6, mwingine atakuwa na miezi 6 hiyo Desemba. Wote wana pasipoti za Kenya. Safari tarehe 18 hadi 28. Ya mume inaisha mwisho wa Machi. Kadi za manjano hatuna. Kwani visiwa vyote hivyo si viza bure?

kaunta_saba
Viza ndiyo sehemu rahisi. Maldivi humpa mgeni wa taifa lolote siku 30 uwanjani bila malipo. Shelisheli haina viza kwa yeyote, ila una idhini ya kusafiri unayoiomba mtandaoni kabla ya kupanda. Morisi kama alivyosema Baba Swaumu. Kwa hiyo kwa siku zenu 10, viza haitenganishi visiwa hivi hata kidogo.

Atakayekuzuia ni mtu wa kaunta ya ndege hapo uwanja wa Moi Mombasa au JKIA Nairobi. Shirika likimpeleka abiria asiyekubalika hutozwa faini na hulazimika kumrudisha kwa gharama yake, ndiyo maana kaunta huwa kali kuliko uhamiaji wenyewe. Wao hufungua mfumo wao uitwao Timatic, wakaingiza pasipoti yako, ulikotoka, unakopitia na unakokwenda. Mfumo ukiandika NO pale, kumwonyesha mtu wa kaunta ulichosoma kwenye jukwaa hakutakusaidia.

msafiri_wa_kusi
Shelisheli ndiyo yenye utaratibu unaoeleweka, mimi naipigia debe. Tovuti ni moja, ya govtas. Kila abiria ana ombi lake, hata mtoto mchanga, na ada ya kawaida ni euro 10 kwa kichwa. Ukitaka jibu la haraka unalipa zaidi. Wanataka picha ya ukurasa wa pasipoti, picha yako ya uso, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa malazi ya usiku WOTE. Hapo wengi huangukia: wameweka hoteli ya Mahé siku tatu, kisiwa kingine cha La Digue wataamua wakifika. Ombi linarudishwa.

Picha ya pasipoti pia. Ile mistari miwili ya chini yenye alama za << lazima ionekane yote, na taa isimulike kwenye plastiki. Piga karibu na dirisha mchana, zima flashi. Mtoto mchanga mlaze juu ya shuka nyeupe, macho yawe wazi, mkono wa mama usionekane kwenye picha. Mpige picha akiwa ameshiba.

Baba Swaumu
Euro 10 mara nne ni euro 40 za bure. Morisi fomu ni sufuri.

msafiri_wa_kusi
Morisi hawakuulizi malazi? Hawakuulizi tiketi ya kurudi? Hawawezi kukuuliza dola 100 za kila siku? Shelisheli inataja 150, sawa, lakini usimfanye dada aamini Morisi ni kwa shangazi yake.

DktMbuyu
Mbona mnabishania euro 40 na familia nzima haina chanjo? Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya, visiwa vyote vitatu vinataka cheti. Hapa hakuna cha kulinganisha.

1. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kwa safari ya tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho kabisa ya kuchanjwa ni tarehe 8. Nendeni Novemba.
2. Sindano moja inatosha maisha. Kanuni ilibadilika tarehe 11 Julai 2016, hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 bado zinakubalika.
3. Mtoto wa miezi 6 hachanjwi. Chanjo ya kawaida ni kuanzia miezi 9. Beba cheti chake cha kuzaliwa ili umri usibishaniwe.
4. Jina kwenye kadi liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti. Pwani hapa Fatuma anaandikwa Fatma, Mohamed anakuwa Muhammad, na mwandishi wa kadi huandika anavyosikia. Mpe pasipoti anakili, kisha soma kabla hujaondoka dirishani. Angalia pia nambari ya pasipoti, tarehe, nambari ya bechi (fungu la chanjo uliyochomwa), sahihi na mhuri.

bint_nyali
Mume wangu anasema yeye ni Mtanzania, Tanzania si kama Kenya kwa hiyo hahitaji.

DktMbuyu
Mwambie kwa heshima zote kwamba mbu haulizi pasipoti. Kinachoangaliwa ni ulikokuwa siku za karibuni, kwa sababu ugonjwa hujificha mwilini siku 3 hadi 6 kabla ya kuonekana. Yeye analala Mombasa, anaondokea Kenya, basi ni msafiri kutoka Kenya. Na hata angetoka Dar, akikaa Nairobi zaidi ya saa 12 akingoja ndege, nchi nyingi zinamhesabu vilevile.

mjanja_wa_town
Jamani kadi zinauzwa, tarehe inarudishwa nyuma, mambo ya dakika tano. Mnamtisha dada bure.

DktMbuyu
Ile nambari ya bechi si pambo. Kila bechi ina mwaka wake, na kadi ya "2019" yenye bechi iliyotengenezwa juzi inajieleza yenyewe. Kughushi hati ni kosa la jinai, na hapo utakuwa unaionyesha mbele ya ofisa wa nchi ya watu. Tena unamnyima mtoto wa miaka 6 kinga ya kweli.

msema_tiketi
Ngoja niwape kisa cha wateja, maana hili la siku 10 watu hulisikia halafu hulipuuza.

Familia ya watu wanne, wanakwenda Maldivi. Tiketi walinunua vipande viwili kwa sababu ilikuwa nafuu: Nairobi hadi Mumbai shirika moja, Mumbai hadi Malé shirika jingine. Chanjo walichoma Ijumaa, ndege ni Alhamisi. Siku sita. Kaunta ikatazama kadi ya baba, ikahesabu kwa vidole, ikawaweka kando. Wao wanasema: India tunapita tu, Maldivi tutafika baadaye. Wakasahau mambo mawili. La kwanza, India ni kali kuliko Maldivi kwa homa ya manjano; anayetoka nchi ya hatari bila cheti kinachokubalika huwekwa karantini hadi siku sita. La pili, tiketi zikiwa mbalimbali mizigo haivuki yenyewe. Lazima utoke uichukue, na kutoka ni kuingia India, na kuingia ni viza. Hawakuwa nayo.

Wakarudi nyumbani. Tiketi ya kwanza ikahesabiwa hawakutokea, ya pili vivyo hivyo kwa kuwa mashirika hayajuani, na hoteli ilikuwa ya bei isiyorudishwa. Nafuu waliyoipata kwenye tiketi haikufika hata robo ya walichopoteza.

Kwa hiyo bint, ukienda Maldivi, kata tiketi MOJA yenye nambari moja ya bukingi hadi Malé, mizigo ibandikwe hadi Malé, na msitoke sehemu ya abiria wanaobadilisha ndege. Dubai au Doha ukibaki ndani huhitaji viza. Ukitaka kulala hoteli mjini, hilo ni jambo jingine.

Mngazija
Watu wa Mombasa mnavuka bahari yote hiyo na Komoro iko hapa mlangoni! Viza mnapewa Hahaya uwanjani. Bebeni euro taslimu, noti zisizochanika. Euro 1 ni faranga 491 na ushei mwaka mzima, haipandi haishuki. Lugha mtaelewana nusu yake.

tausi_254
Na kama tuna viza ya Schengen, si tunaunganisha Mayotte na Réunion humo humo?

Mngazija
Hapana. Mayotte na Réunion ni Ufaransa lakini ziko nje ya Schengen. Viza ya Schengen peke yake haikuingizi, unaomba inayotaja eneo hilo kwenye stika. Na Mayotte kwetu sisi ni kidonda, tusianze.

tausi_254
Anza tu, tuna muda.

kaunta_saba
Fungueni uzi wenu. Bint, turudi kwenye pasipoti ya mume. Inaisha mwisho wa Machi, maana yake siku ya kurudi itakuwa imebaki na miezi mitatu. Maldivi wanataka angalau mwezi mmoja. Shelisheli wanataka iwe hai hadi siku ya kuondoka. Kwa kanuni za visiwa amepita. Lakini mkipitia nchi ya tatu ndege ikachelewa mkalazimika kuingia mjini, huko mara nyingi ni miezi sita, na kuna mashirika ambayo hushikilia hiyo sita bila kujali. Leo ni Oktoba. Abadilishe. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 kwa anayeombea nyumbani, na Mombasa mna ubalozi mdogo, aanzie hapo. Kisha kadi ya manjano iandikwe nambari ya pasipoti MPYA. Watu hufanya kinyume, wanachanja kwanza, halafu nambari hazilingani.

msafiri_wa_kusi
Na kama mpya haitatoka mapema, ndiyo sababu nyingine ya kutafuta ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Hakuna nchi ya tatu, hakuna sita.

tausi_254
Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia. Majina yetu ya pwani yanawachanganya wageni: mtoto anabeba jina la baba na babu, mama ana la baba yake. Kwenye pasipoti hakuna kinachoonyesha wewe ndiye mama. Chukua vyeti halisi, siyo picha kwenye simu. Mume akichelewa kazini akasema atawafuata, basi awaachie barua ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya wakili, na nakala ya pasipoti yake.

bint_nyali
Ahsanteni sana. Aah, nimesahau, mama mkwe naye anakuja. Miaka 67, ana presha.

Baba Swaumu
😂😂 Sasa tuanze upya.

DktMbuyu
Hilo ungelisema mwanzo. Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyepita miaka 60 akichanjwa mara ya kwanza, madhara makubwa ni nadra lakini ni mengi kuliko kwa kijana. Daktari amwone kwanza. Akikatazwa, anaandikiwa barua ya msamaha kwenye ile ile kadi, ina ukurasa wake, kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye sahihi na mhuri. Ila nchi unayokwenda ina hiari ya kuikubali au kumweka chini ya uangalizi, kwa hiyo waandikieni kabla ya kulipa.

Swali: mama amewahi kwenda hija?

bint_nyali
Ndiyo, 2011.

DktMbuyu
Basi huenda tatizo limekwisha. Saudia huwataka mahujaji kutoka Kenya wawe na cheti hicho. Tafuteni kadi yake. Hata ikiwa imeandikwa mwisho 2021, ni ya maisha. Angalieni tu jina.

msema_tiketi
Na bei "hazipishani", umeweka kodi ya kijani ya Maldivi? Tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli za visiwa binafsi, na 6 kwenye gesti zenye vyumba chini ya 50 visiwa vya wenyeji. Mtoto chini ya miaka miwili halipi. Watu wanne, usiku 10, ni dola 480 au 240. Shelisheli nako kuna ada ya mazingira, rupia 25 hadi 100 kwa usiku kufuatana na ukubwa wa hoteli.

Fomu ya Maldivi, IMUGA, ni bure, inajazwa ndani ya saa 96 kabla ya ndege, kwenda NA kurudi. Tovuti inayokudai kadi ya benki ni ya matapeli.

kaunta_saba
Dawa za mama zibaki kwenye maboksi yake pamoja na cheti cha daktari. Presha haina neno. Lakini tramadol au diazepamu Morisi si mzaha, hilo muulizie kabla. Wavuta sigara za kielektroniki waziache nyumbani: Morisi marufuku, Maldivi marufuku.

bint_nyali
Mume sasa anataka Morisi kwa ajili ya ndege moja. Mama mkwe akisikia Maldivi ni Waislamu watupu ndiyo anataka huko. Mimi bado Shelisheli. Hivi hizi ofa za Ijumaa huwa zinaongezwa?

msema_tiketi
Mara nyingi ndiyo. Lakini uliza kwanza kubadilisha jina kwenye tiketi ni bei gani, maana ya mume utaikata kwa pasipoti ya zamani. Nambari ya pasipoti hubadilishwa bure mtandaoni, jina ndilo ghali.

Baba Swaumu
Na achari za embe Morisi wanaruhusu? Mke wangu hasafiri bila achari.

msafiri_wa_kusi
Matunda mabichi, mbegu na mimea wanataka kibali. Achari ya chupa iliyofungwa kiwandani, itaje kwenye fomu. Ya nyumbani kwenye kopo la Blue Band, hapo mtajuana na forodha.