Nenosiri kwa kurasa chache za tovuti: .htaccess, PHP au JavaScript?

Mtunzakurasa
Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia tovuti yenye kurasa zipatazo 30, na tatu kati yake zina kumbukumbu za mikutano zinazopaswa kusomwa na wanachama 20 tu. Nimekutana na njia tatu: faili ya .htaccess (yenye maagizo kwa seva kuhusu folda ilimo), fomu ya kuingilia iliyoandikwa kwa PHP (lugha inayofanya kazi kwenye seva), na kipande cha JavaScript kinachouliza nenosiri kabla ukurasa haujaonekana. Hii ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote, na nimekwisha kuiweka. Je, inatosha?

Bawabu
Ndugu, iondoe leo hii. JavaScript ya namna hiyo hufanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji, maana yake ukurasa mzima umekwisha kumfikia kabla hajaulizwa chochote. Akifungua msimbo wa ukurasa atasoma yote, na mara nyingi nenosiri lenyewe atalikuta humo limeandikwa wazi. Kama programu ya seva yako ni Apache, weka kurasa hizo katika folda moja, kisha uandike mistari hii katika .htaccess ya folda hiyo:

AuthType Basic
AuthName "Wanachama"
AuthUserFile /home/tovuti/siri/.htpasswd
Require valid-user

Faili ya .htpasswd, yenye majina na manenosiri ya wanachama, ikae nje ya folda zinazofikika mtandaoni. Unapoitengeneza kwa amri ya htpasswd, alama ya -c ni ya mtu wa kwanza tu, kwa sababu ukiirudia kwa wa pili faili huandikwa upya na wa kwanza hutoweka. Mimi niliwafuta watu 11 kwa namna hiyo, nikabaki nashangaa kwa nini simu haiachi kulia.

Fundi_Kimya
Bawabu amepita haraka mahali pawili. Njia hiyo hutuma jina na nenosiri katika kila ombi, yakiwa yamegeuzwa kwa base64 tu, namna ya kuandika ambayo yeyote anaweza kuirudisha na si usimbaji fiche hata kidogo, kwa hiyo bila HTTPS (muunganisho uliosimbwa) ni sawa na kuyatangaza. Tena haina kitufe cha kutoka. Kwa kawaida kivinjari huyakumbuka mpaka kifungwe, jambo ambalo ni baya kwa wanaotumia kompyuta moja kwa zamu. Mimi ningechagua PHP, kwani password_hash na password_verify, za kuhifadhi na kuhakiki nenosiri, zimo ndani yake tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Ila ukimrudisha asiyeingia kwenye fomu kwa kutumia amri ya header, fuatisha amri ya exit papo hapo, la sivyo seva huendelea kutuma ukurasa wote na mwenye kutumia curl (programu ya kupakua kurasa bila kivinjari) atausoma bila shida.

Mpitanjia
Wenye Nginx, programu nyingine ya seva, wasijisumbue na .htaccess: haisomwi, wala hutapewa onyo. Tumia auth_basic katika usanidi wa seva yenyewe.

Bawabu
Mtunzakurasa, kumbukumbu hizo zimeandikwa ndani ya kurasa, au ni faili za PDF zilizounganishwa humo?

Mtunzakurasa
Ni PDF.

Bawabu
Basi fomu ya PHP itaulinda ukurasa wenye viungo, lakini mwenye anwani kamili ya PDF ataifungua moja kwa moja, kwa kuwa seva huitoa bila kuipitisha kwenye PHP. Kwa .htaccess, folda nzima hufungwa pamoja na kila kilichomo.

Fundi_Kimya
Hapo nakubali. Ingewezekana kuziweka PDF nje na kuzitoa kwa amri ya PHP ya readfile baada ya kumhakiki msomaji, lakini kwa watu 20 kazi hiyo ni kubwa kuliko faida yake.

Mtunzakurasa
Nimefuata .htaccess, na HTTPS ninayo. Nilipofungua anwani ya PDF katika dirisha la faragha niliombwa nenosiri, na nilipoghairi nikapata 401, yaani jibu la kunyimwa ruhusa. Tatizo lililobaki ni kwamba PDF moja tayari inaonekana katika matokeo ya Google. Niitaje kwenye robots.txt, faili inayoziambia roboti za utafutaji zisipite wapi?

Bawabu
Hapana, faili hiyo husomwa na yeyote, nawe utakuwa umemwonyesha mahali pa kutafuta. Isitoshe, utamzuia roboti asirudi kuikuta hiyo 401. Omba iondolewe kupitia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti.